Tanzania: Marais na Makamu Wao

Tangu Tanganyika na Zanzibar zilipoungana mwezi Aprili mwaka 1964, marais wawili tu wa Tanzania wamewahi kuwa makamu wa rais kabla ya kuingia Ikulu.

Wa kwanza ni Ali Hassan Mwinyi, aliyempokea Julius Nyerere mwaka 1985. Wakati huo Rais wa Zanzibar ndiye pia alikuwa makamu wa rais wa Muungano.

Utaratibu huo ulibadilishwa. Tangu uchaguzi wa mwaka 1995, mgombea urais husimama na mgombea mwenza anayetoka upande wa pili wa Muungano.

Benjamin Mkapa, Jakaya Kikwete na John Magufuli hawakupitia umakamu.

Magufuli alipofariki dunia tarehe 17 Machi 2021, Katiba ilimtaka makamu wake amalizie muhula uliosalia. Siku mbili baadaye aliapishwa Samia Suluhu Hassan, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo.

Kwa kuwa yeye anatoka Zanzibar, makamu alilazimika kutoka Bara. Bunge likamthibitisha Philip Mpango, aliyeapishwa tarehe 31 Machi. Hivyo madaraka yalibadili mikono bila kuvuruga mizani ya Muungano.