Nani Yumo Pichani? Wasafiri Wenye Kamera na Historia Yao Uganda

Katika uwanja wa ndege wa Entebbe haipiti siku bila mgeni mwenye begi la kamera mgongoni. Huyu anaelekea Rwenzori kupanda mlima, yule Bwindi kuwafuata gorila, na wengine Jinja kushuka maji ya kasi ya Nile. Wakishamaliza safari hurudi Kampala, na baadhi yao hujitolea kwa siku chache kupiga picha za shule, zahanati au kituo cha yatima bila kudai malipo. Watu wengi huiona kazi hii kuwa ni mambo ya juzi, yaliyoletwa na intaneti na tiketi za bei nafuu. Ukweli ni kwamba msafiri mwenye kamera aliingia Buganda kabla ya reli, kabla ya himaya ya Waingereza, na kabla Kampala haijawa mji wa kuitwa mji. Ukiifuata historia hiyo unapata kipimo cha kuipimia kazi yenyewe, na kipimo hicho si ujasiri wa mpiga picha wala wema wa moyo wake. Picha ya kujitolea huwa zawadi pale tu inapoambatana na jina la aliyepigwa, mahali na tarehe, na nakala yake ikabaki pale ambapo mwenyewe au wajukuu wake wanaweza kuifikia. Vikikosekana hivyo, kilichofanyika ni kuchukua, hata kama mchukuaji hakulipwa senti.

Tuanze na Stanley. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alifika kwa mfalme wa Buganda, Kabaka Mutesa I, na miongoni mwa mizigo yake ilikuwemo kamera. Alimpiga picha Kabaka pamoja na wakuu wake, na picha ile ni mojawapo ya picha za mwanzo kabisa zinazojulikana kupigwa katika nchi ambayo leo ni Uganda. Wasomaji wa Ulaya na Marekani hawakuiona kama ilivyotoka kwenye kamera. Kitabu cha Stanley, Through the Dark Continent, kilipochapishwa mwaka 1878, waliwekewa mchoro uliochongwa kwa kuifuatisha picha hiyo, na mchoro ndio uliozunguka dunia ukaingia katika vitabu vingine kwa miaka mingi. Picha yenyewe ikabaki katika makabrasha ya Stanley, ambayo leo yanatunzwa kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Zaidi ya karne moja baadaye, Mholanzi Andrea Stultiens, ambaye mwaka 2011 alianzisha mradi wa History in Progress Uganda pamoja na Mganda Rumanzi Canon, aliifuatilia picha hiyo na kuwaomba wasanii wa Uganda waichore upya. Mutesa alikuwa mfalme, jina lake haliwezi kupotea. Ikiwa sura yake ilihitaji zaidi ya miaka mia kurudi nyumbani, raia wa kawaida atarudishwa na nani?

Mpiga picha wa milimani mwenye sifa kubwa kuliko wote wa enzi zile alipita Uganda mwaka 1906. Huyo ni Mwitaliano Vittorio Sella, aliyefuatana na Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, kwenda Rwenzori. Walifika Entebbe, kisha wakatembea kwa miguu hadi Fort Portal wakiwa na msafara wa wapagazi wapatao 300. Tarehe 18 Juni mwaka huo Luigi Amedeo alisimama juu ya kilele kirefu kuliko vyote, chenye mita 5,109. Kilele hicho kikapewa jina la Margherita, malkia mama wa Italia, na jirani yake kikaitwa Alexandra, kwa heshima ya malkia wa Uingereza. Sella mwenyewe hatimaye alipata kilele chake. Hakuna kilele kilichopewa jina la mpagazi, wala la Mkonzo yeyote aliyewaonyesha njia, ingawa Wakonzo, wenyeji wa huko, walikuwa na majina yao ya milima ile na waliiheshimu theluji yake kuwa makao ya mungu wao Kitasamba.

Hata hivyo kazi ya Sella isidharauliwe, maana inatufundisha jambo jingine. Alipiga kwa makini, akiwa na vifaa vizito, katika mlima ambao mawingu huufunika siku nyingi, na ikawekwa kumbukumbu ya kila picha imepigwa lini na kutokea wapi. Kwa sababu hiyo picha zile zimekuwa ushahidi. Barafu ya Rwenzori, iliyofunika zaidi ya kilomita za mraba 6 wakati wa safari ile, mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa haifiki hata kilomita moja ya mraba. Klaus Thymann, mpiga picha kutoka Denmark aliyeanzisha shirika la Project Pressure mwaka 2008, alikwenda huko mwaka 2012 na akarudi tena baadaye kupiga picha barafu inayobaki. Huyo ndiye mrithi halali wa Sella: msafiri, mpanda mlima na mtu wa kujitolea, lakini kazi yake ina tarehe na inaweza kulinganishwa na ya jana na ya kesho. Ila tukubali kwamba katika historia hii mara nyingi barafu imeandikiwa kumbukumbu kwa uangalifu kuliko binadamu aliyebeba mzigo juu yake.

Hapa mtu atapinga, na hoja yake ina uzito. Atasema kwamba picha za mateso, hata zikipigwa na mgeni, zimewahi kuokoa watu, na kwamba kudai majina na nakala ni kuweka urasimu mbele ya huruma. Mfano wake bora uko Kongo. Mwezi Mei 1904, katika kituo cha misheni cha Baringa, mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha mwanamume aliyekaa ukingoni mwa baraza. Mtu huyo anavitazama vitu viwili vidogo vilivyowekwa mbele yake. Ni mkono na mguu wa binti yake wa miaka mitano, vilivyosalia baada ya walinzi wa kampuni ya mpira ya ABIR kumuua. Picha hiyo ilionyeshwa Uingereza na Marekani katika mikutano ya hadhara kwa taa za kuonyeshea picha, na ilikuwa sehemu ya shinikizo lililofanya mwaka 1908 Kongo iondolewe katika mikono binafsi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji na kuwekwa chini ya serikali ya nchi yake. Ukoloni haukuisha, lakini utawala wa mtu mmoja uliisha.

Mfano huo naukubali wote, na ndio unaoipa nguvu hoja yangu. Tunajua kwamba baba yule aliitwa Nsala, kwamba binti yake aliitwa Boali, kwamba kijiji chao kilikuwa Wala, na kwamba waliofanya unyama ule walikuwa watu wa kampuni fulani. Picha ile ilisimama kama shahidi mahakamani: ina jina, ina mahali, ina siku, na inamtaja mshitakiwa. Wapambe wa Leopold walijitahidi kuikanusha habari ya Kongo kwa jumla, lakini kumkanusha Nsala lilikuwa jambo gumu zaidi. Huruma iliyoletwa na picha ile ilikuwa na miguu ya kusimamia. Kumwonyesha mtoto asiye na jina mwenye machozi shavuni, ili mtazamaji aingie mfukoni, ni kazi ya namna nyingine kabisa, hata kama kamera ni ileile.

Karne moja baadaye, kaskazini mwa Uganda palitoa mfano wa upande wa pili. Mwaka 2003 vijana wa Marekani walifika na kamera wakitafuta habari, wakawakuta watoto waliokuwa wakikimbia kutekwa na waasi wa LRA, na kutokana na safari hiyo wakaanzisha shirika la Invisible Children. Mwezi Machi 2012 shirika hilo likatoa filamu ya Kony 2012, ambayo ilitazamwa mara milioni 100 ndani ya siku sita. Filamu hiyo haikukosa jina la mtoto. Ilimtaja na kumpa nafasi ya kusema. Kilichokosewa ni wakati. LRA ilikuwa imeshatoka Uganda tangu mwaka 2006, na filamu iligusia jambo hilo kwa kupita tu, kana kwamba si kitu. Filamu ilipoonyeshwa uwanjani Lira, watu walionusurika na vita wenyewe walikasirika hadi onyesho likavurugika. Walikuwa wamejiona wakitumiwa katika habari ya miaka iliyopita, kwa ajili ya watazamaji wa mbali. Nia ya wale vijana ilikuwa njema, na hakuna haja ya kuitilia shaka ndipo kosa lionekane.

Pingamizi la pili huja kwa sauti ya chini, kwa kuwa linauma. Wengine husema: picha zikibaki Uganda zitaoza, bora zikalale Ulaya. Ni kweli kwamba makaburi ya Makabaka pale Kasubi yaliteketea kwa moto Machi 2010, na kwamba negativu zapatazo 70,000 za wapiga picha wa Wizara ya Habari zilikaa kwa miaka ndani ya kabati la shirika la utangazaji la UBC, nyingi zikiwa hazijawahi kusafishwa ziwe picha. Lakini tazama kilichofuata. Zilipojulikana mwaka 2015, UBC ilishirikiana na vyuo vikuu vya Michigan na Western Australia kuziskani, na mwaka 2019 sehemu yake, ya enzi za Idi Amin, ikaonyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala. Waganda wakaenda kujitazama, na kubishana. Ubishi huo ulihitajika, kwa kuwa kamera ya serikali ya Idi Amin ilipiga mikutano, gwaride na tabasamu, na haikupiga yaliyotendeka ndani ya jengo la polisi wake wa siri, State Research Bureau, pale Nakasero. Mwenyeji naye anaweza kusema uongo kwa kamera. Faida ya picha kuwa nyumbani ni kwamba uongo huo unawakuta mashahidi wake.

Tena isidhaniwe kwamba kabla ya wageni wa kujitolea hapakuwa na wapiga picha wa kuaminika. Musa Katuramu, mwalimu wa useremala wa Mbarara, alianza kupiga picha za majirani, maharusi na wanafunzi tangu miaka ya 1930, na familia yake ikazitunza negativu. Deo Kyakulagira alifanya kazi hiyo Kampala katika kizazi kilichofuata. Watu hawa hawakuhitaji kuuliza aliyepigwa ni nani, kwa sababu mteja angerudi kesho kuichukua picha yake, na kama imetoka vibaya angelalamika. Biashara ndogo ya studio ilikuwa na uwajibikaji ambao hisani mara nyingi haina: mwenye sura ndiye mwenye risiti.

Jambo hili linaonekana wazi katika Gulu Real Art Studio. Mteja aliyetaka picha moja tu ya kitambulisho alipigwa picha ya kawaida, akiwa amekaa kitini mbele ya pazia, na pengine ameazimwa koti la studio. Kisha uso ulikatwa kwa mashine ukapelekwa benki, shuleni au kwenye ofisi ya msaada, na kipande kilichobaki, chenye mikono iliyokunjwa magotini na tundu la mstatili mahali pa kichwa, kikatupwa. Mwitaliano Martina Bacigalupo aliviona vipande hivyo, akavikusanya, akawahoji wateja walihitaji picha kwa ajili gani, na mwaka 2013 kazi hiyo ikaonyeshwa New York na kuwa kitabu. Angeweza kuviita uvumbuzi wake mwenyewe. Badala yake kitabu kina jina la studio, na mpiga picha Obal Denis anatajwa. Mgeni alifika mbali kwa kukiri kwamba picha zilikuwa tayari zimeshapigwa.

Pingamizi la mwisho ndilo gumu kuliko yote: kuna watu ambao jina likitajwa watadhurika, kama mtoto aliyetoroka vitani, mgonjwa au mkimbizi. Ndiyo, na kwao jina lifichwe. Lakini kuficha jina unalolijua ni ulinzi. Kutolijua kabisa ni uzembe. Jina linaweza kukaa kwenye daftari lisichapishwe. Sheria ya Uganda ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019 imeshadai idhini, na kwa mtoto imedai idhini ya mzazi au mlezi. Dunia nayo imeanza kusogea: mwaka 2019 picha ya mtangazaji Stacey Dooley akiwa amembeba mtoto wa Kiganda ilizua mjadala mkali Uingereza, na mwaka uliofuata shirika la hisani la Comic Relief, lililomtuma, likatangaza kuacha kuwatuma mastaa wake Afrika na kuwapa watengeneza filamu wa huku kazi hiyo.

Kwa hiyo mgeni mwenye kamera asifukuzwe. Baadhi ya kumbukumbu bora za Kampala zimepatikana kwa mikono ya wasafiri. Ila mwaka 2012 mji huu ulipata shindano lake la picha za habari, Uganda Press Photo Award, na limewaonyesha watu wanaoijua lugha, njia na majina. Msafiri anayetaka kujitolea kwa kweli ana kazi tele isiyo na sifa nyingi: kuskani negativu za studio za zamani, kuandika maelezo pamoja na wazee wanaozikumbuka sura, kuacha seti kamili ya faili zake shuleni alikopiga, na kumlipa mpiga picha wa mtaani badala ya kuichukua kazi yake bure. Na taasisi zinazompokea zina wajibu wa kumdai hayo kabla hajaifungua lenzi, kwa sababu akishapanda ndege ni vigumu kumfuata.