Nanasi na Chanjo ya Homa ya Mafua

Hadi daraja la kilomita 3 lilipofunguliwa Juni 2025 kuiunganisha Kigongo na Busisi, aliyetaka kuvuka Ghuba ya Mwanza kwenda upande wa Sengerema na Geita, nchi ya mananasi, hakuwa na budi kukingoja kivuko; na ni wachache, nadhani, katika waliolila tunda hilo wakingoja zamu yao, waliopata kusikia kwamba kile kiwashacho ulimi ndani yake kina fungu adhimu katika tarikhi ya chanjo ya homa ya mafua.

Mkemia wa Venezuela, Vicente Marcano, ndiye aliyekitambua mwaka 1891: ni kimeng'enya chenye kukata protini, ambacho baadaye kiliitwa bromelaini. Mwaka 1957 Heinicke na Gortner wakabainisha, huko Hawaii, kwamba kimo tele katika shina, nalo ndilo mkulima aliachalo shambani lioze baada ya mavuno.

Virusi vya homa ya mafua vilipatikana kwa binadamu huko London mwaka 1933, na kwa miaka mingi chanjo yake haikuwa na malezi ila yai la kuku. Madin na Darby walipostawisha chembe hai za figo ya mbwa mwaka 1958, njia ya pili ikapatikana, ingawa chanjo iliyozalishwa humo haikuidhinishwa Ulaya mpaka 2007. Taabu ilikuwa hii: virusi haviwezi kuingia katika chembe mpya mpaka protini iliyo juu ya ganda lao, hemaglutinini, ikatwe; ndani ya yai kazi hiyo hufanyika yenyewe, bali katika chembe za figo hapana budi kutia tripsini, iliyokuwa ikitolewa katika kongosho la nguruwe, jambo lenye khofu ya kuchanganyika na maradhi ya mnyama huyo, na lisilo dogo kwa Waislamu. Mmea ukaleta faraja: tripsini ikapatikana katika punje za mahindi yaliyopandikizwa jeni ya ng'ombe.

Lakini fadhila ya nanasi, kwa maoni yangu, ni kubwa zaidi. Mwaka 1972 Brand na Skehel, Uingereza, waliikata hemaglutinini kwa bromelaini, ikabanduka juu ya virusi na kuganda fuwele. Na kwa fuwele za namna hiyo Wilson, Skehel na Wiley wakadhihirisha umbo lake mwaka 1981. Protini iliyokatwa hivyo ndiyo aghalabu hudungwa kondoo, ili damu yake itoe kingamwili za kupimia nguvu ya chanjo kabla ya kuruhusiwa, iwe imelelewa katika yai au katika chembe za figo. Na madhali virusi hivi hugeuka sura mara kwa mara, kondoo wengine huchanjwa, na bromelaini huhitajiwa tena.