Madoa meusi ya ngozi

Madoa meusi ni sehemu za ngozi zenye melanini nyingi kuliko ngozi inayozizunguka. Huachwa na chunusi, majeraha au upele. Kwa wajawazito huweza kutanda mashavuni. Jua huyakoleza, na watu weusi huyapata kwa urahisi zaidi.

Tiba huanza kwa kukomesha chanzo na kujikinga na jua kila siku. Daktari huweza kuongeza asidi ya azelaiki au retinoidi; hiyo retinoidi haimfai mjamzito. Nafuu huchukua miezi.

Adui mkubwa wa tiba hii nchini Tanzania ni mkorogo, yaani krimu za kujichubua zilizochanganywa. Zebaki iliyomo hudhuru figo na steroidi hukondesha ngozi. Haidrokwinoni, ikitumiwa muda mrefu, huleta weusi mpya ulio mgumu kuondoka kuliko ule wa kwanza. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku, lakini bado huuzwa kwa siri.

Kwa mkazi wa kata ya Visiga anayehitaji daktari, Hospitali ya Tumbi iliyopo Kibaha ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa. Doa lililofifia kuliko ngozi inayolizunguka na lisilo na hisia lisipakwe krimu: huweza kuwa ukoma, nao hutibika.