Kutoka Mwano wa Sungusungu hadi Orodha ya Hatari Kumi

Katika habari za ulinzi kuna rai mbili zinazoshindana tangu kale. Ya kwanza husema kwamba tundu la ukuta yafaa lifichwe, mwivi asilijue. Ya pili husema litajwe hadharani, wenyeji walizibe. Makala haya yataka kueleza jinsi rai ya pili ilivyopata nguvu, kwanza vijijini, kisha katika intaneti.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe ulizidi pande za Shinyanga na Tabora. Wanavijiji wakaunda sungusungu, na desturi hiyo ikaenea hata Singida. Silaha yao kubwa haikuwa mshale bali mwano, yaani yowe la hatari: kijiji kimoja kilipiga, cha pili kikapokea, na njia zikafungwa mbele ya mwivi. Lakini haifai kuficha kwamba wako walioadhibiwa pasipo hukumu ya mahakama. Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa, na ulinzi huo ukapewa mahali pake katika sheria.

Sisemi kwamba sungusungu ndio waliowafundisha walinzi wa intaneti. Ila swali lililowakabili lilikuwa lile lile. Mwaka 2001 Mark Curphey alianzisha jumuiya iitwayo OWASP, kwa ajili ya usalama wa programu za tovuti. Yeyote aweza kujiunga nayo, na maandishi yake hutolewa bure. Mwaka 2003 ilitangaza hatari kumi zilizo kubwa kupita zote, na tangu hapo orodha hiyo imesahihishwa mara kadhaa. Mwaka 2017 hatari ya kwanza ilikuwa kupenyeza amri: mtu huandika amri mahali palipotakiwa jina, na hazina ya kumbukumbu ikamtii. Mwaka 2021 nafasi hiyo ilishikwa na udhaifu wa ruhusa, ambapo mtu aweza kubadili tarakimu moja tu katika anwani ya ukurasa akasoma hati ya mwenziwe.

Mambo haya hayako mbali na Kiomboi wala Manyoni. Tangu serikali ilipoanza kupokea malipo kwa mfumo wa kielektroniki mwaka 2017, ada za wananchi hupita katika programu za namna hiyo. Wala kijana mwenye ujuzi hana ruhusa ya kujaribu mlango wa mwingine: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yakataza. OWASP ilitoa WebGoat, programu iliyojengwa na matundu kwa makusudi, ili mwanafunzi ajifunze pasipo kumdhuru mtu.

Hapa ndipo wanalugha wanapohusika. Mwano uliwafaa watu kwa kuwa kila aliyeusikia aliufahamu. Orodha ya OWASP iliandikwa kwanza kwa Kiingereza, na istilahi zake ni ngumu hata kwa wasomi. Basi hapana budi tuzitafutie maneno ambayo karani wa halmashauri atayaelewa mara ayasomapo. La sivyo onyo litatangazwa kwa wote, na tundu litabaki wazi.