Kidirisha Kinachopiga Mluzi

Kila anayepanda matatu Nairobi anaijua vita ya dirisha. Huyu anataka hewa, yule anasikia baridi, na wa kiti cha nyuma anahofia simu yake itanyakuliwa jam ikikwama. Kwa zaidi ya miaka 30 watengenezaji wa magari waliamini wamepata dawa ya ugomvi huu: kipande cha kioo cha pembe tatu, kilichokaa mbele ya dirisha la mlango, kinachozunguka kwenye bawaba zake chenyewe. Ukikutana na Volkswagen Beetle au Morris Minor ambayo bado inatembea, kiangalie. Wenye magari haya wanakipenda sana, na ndicho kinachowanyima usingizi, kwa sababu gari likishika kasi kinaanza kupiga mluzi.

Kwani kilitoka wapi? Mwanzoni mwa miaka ya 1920 magari mengi ya Marekani yalikuwa wazi, na mvua ikinyesha unavuta turubai. Kufikia mwisho wa muongo huo mengi yalikuwa yamefunikwa. Hapo tatizo jipya likazaliwa. Abiria walikuwa wamefungiwa ndani ya sanduku la chuma pamoja na moshi wa sigara na pumzi zao wenyewe, huku vioo vikifunga ukungu. Ukishusha dirisha lote, upepo unakupiga kofi na mvua inakufuata kitini. Mwaka wa 1933 General Motors, kupitia kampuni yake ya bodi ya Fisher, ikaleta jibu na kulipa jina la kibiashara No-Draft.

Ujanja wake ni rahisi. Ukikifungua kidogo tu, hewa inayopita nje kwa kasi inafyonza ile ya ndani na kuitoa, moshi unaondoka na nywele zako hazijaguswa. Ukikizungusha hadi kipite nusu, kinageuka kuwa kama kiganja kilichokinga upepo na kukumwagia usoni. Hakuna mota, hakuna gesi, hakuna waya. Ni kioo, raba na bawaba mbili.

Oktoba 1952 Volkswagen iliweka vidirisha hivi kwenye milango ya Beetle. Mwezi huohuo, tarehe 20, gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari nchini Kenya. Mambo haya mawili hayakuwa na uhusiano wowote, ila yalikutana barabarani mwaka uliofuata. Mwisho wa Mei 1953, wiki chache baada ya Jomo Kenyatta na wenzake kuhukumiwa Kapenguria, wapenzi wa magari waliandaa mbio za Coronation Safari kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka huo hapakuwa na mshindi mmoja rasmi, lakini Beetle ya Alan Dix na Johnny Larsen ndiyo iliyosifiwa kuliko zote. Beetle ikashinda tena 1954, 1957 na 1962. Barabara ambazo mwananchi wa kawaida hakuweza kuzipita kwa uhuru, wengine walizigeuza uwanja wa michezo.

Baada ya uhuru gari hilo la mgongo wa kobe likabadilisha mikono. Likawa gari la mwalimu mkuu, la karani aliyepandishwa cheo, la daktari kijana. Ndiyo maana hadi leo familia nyingi zina picha ya guka au babu ameegemea mlango wa Beetle, na kiwiko chake kiko karibu kabisa na kile kidirisha.

Lakini huko kilikotoka, siku zake zilikuwa zimeshaanza kuhesabiwa. Kimya kilikuwa kimegeuka kuwa bidhaa. Mwaka wa 1958 David Ogilvy aliandika tangazo la Rolls-Royce lililodai kwamba gari likienda maili 60 kwa saa, kelele kubwa zaidi ndani ni ya saa ya umeme. Tajiri hakuwa ananunua kasi pekee. Alikuwa ananunua kutosikia dunia. Kisha ukaja mwaka wa 1964. Pasaka, Ford Cortina GT ya Peter Hughes na Bill Young ilishinda Safari. Mwisho wa mwaka uleule Ford wakaipa Cortina mfumo wa Aeroflow: hewa inaingia kupitia matundu ya dashibodi na kutokea nyuma ya gari, madirisha yote yakiwa yamefungwa. Mwaka wa modeli wa 1966, Oldsmobile Toronado na Buick Riviera zikatoka bila vidirisha vya mbele. Chevrolet Camaro ikafuata kwa modeli ya 1968. Wakubwa wa viwanda walifurahia jambo lingine pia: vipuri vimepungua, raba zimepungua, na kazi ya kuunganisha mlango imekuwa nyepesi. Wezi ndio waliopata hasara, maana kidirisha hicho kilikuwa njia yao rahisi. Unasukuma kikomeo, unaingiza mkono, mlango umefunguka.

Sasa turudi kwenye mluzi. Hewa ikifika kwenye nguzo ya kioo cha mbele inalazimika kukata kona, inaongeza kasi na kujisokota. Pembeni hapo shinikizo la nje linashuka kuliko la ndani, kwa hivyo kioo kinavutwa kutoka nje. Ikipatikana nafasi, hata nyembamba kama karatasi, hewa inapenya na kuimba. Na hiyo kelele haipandi polepole. Ukiongeza kasi maradufu, nguvu ya sauti ya aina hii inaweza kufika mara 64. Sikio halisikii mara 64, lakini desibeli 18 hivi zinatosha kuua mazungumzo. Ndiyo maana Beetle iliyotulia kule Ngara inageuka filimbi ikipanda Thika Road.

Mkosaji wa kwanza huwa ni raba. Jua na ozoni huikausha, ikapasuka na kuwa ngumu kama ganda, na Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, jua la huku halina mzaha. Wa pili ni bawaba iliyolegea. Wa tatu ni kikomeo kilicholika hadi hakivuti kioo vizuri. Fundi mzuri habahatishi. Anaziba ukingo mzima kwa utepe wa karatasi, anaendesha, kisha anabandua kipande kimoja kimoja hadi mluzi urudi. Hapo amempata. Akiwa amesimama, anabana noti kati ya kioo na raba. Ikitoka bila kubisha, pengo liko pale. Raba iliyokufa inabadilishwa, haipakwi grisi, kwa sababu mafuta ya petroli huivimbisha raba asilia. Mpya inapakwa silikoni kidogo. Kisha anakaza nati ya bawaba ya chini kiasi cha kioo kukaa pale unapokiacha, na mwisho anakagua kama mlango wenyewe umekaa sawa. Kwa Beetle kuna mtihani mzuri wa mwisho: raba zote zikiwa nzima, gari linabana hewa kiasi kwamba mlango unagoma kufunga hadi ufungue kidirisha kidogo.

Halafu kuna njia ya mkato. Mwaga gundi pande zote, kidirisha kisifunguke tena. Kelele imeisha, pesa kidogo, boss twende. Wengi wameichagua, na huwezi kuwalaumu sana. Ila gari hilo halikupewa tundu lingine la maana la kupumua. Ukiziba lile, jua la saa saba linakupika, ukungu unakufunga macho Limuru, na mwishowe unashusha dirisha kubwa na kupata kelele mara kumi. Aliyeziba ameondoa sauti, na ameondoa kazi pia.

Hili si suala la wazee na magari yao ya maonyesho pekee. Kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8, kwa hivyo Beetle tulizo nazo ndizo tulizo nazo. Kila kidirisha kilichozibwa kwa gundi ni bawaba moja ambayo kijana anayejifunza ufundi Kirinyaga Road hataifungua kamwe ajue inavyofanya kazi.

Na ujuzi huo bado unahitajika. Mabasi na magari ya umeme yameingia Nairobi, na injini iliyokuwa ikifunika kila kitu imenyamaza. Kinachobaki masikioni ni matairi na upepo. Wahandisi wa leo wamerudi palepale, kwenye kona ya kioo cha mbele na mlango, wanasaka pengo la unene wa karatasi.