Gari lililozaliwa kwa vipande

Najua nimepotea. Likizo ndefu yote nilikuwa nyumbani Karatu, nimelala chini ya Land Rover, na wale mnaonidai notisi za historia mvumilie kidogo, maana leo naleta historia yenyewe, ila hii ina grisi.

Gari ni la bamkubwa. Land Rover 109, Series III, dizeli, ya 1978. Aliinunua mnadani miaka ya 1990, ikawa ndiyo basi la kijiji, ndiyo lori la mahindi, na usiku wa mvua ndiyo ambulensi. Kuna watu wazima pale kwetu ambao mama zao walipelekwa kujifungua kwa gari hilo. Tangu 2011 limesimama chini ya mti. Mwaka huu wanunuzi wa skrepa wamepita mara mbili na mizani yao. Nusu ya ukoo inasema liuzwe, hela imalizie ada ya wadogo. Bamkubwa anasema labda azikwe nalo, na tangu aone tamasha la Land Rover la Arusha la Oktoba 2024, mamia ya magari yakiwa kwenye msafara, ndiyo kabisa haambiliki. Kikao kikakaa, makubaliano yakawa hivi: likizo hii gari liamke, la sivyo liende kwa kilo.

Sasa kabla ya spana, turudi 1947.

Uingereza ilikuwa imeshinda vita lakini mfukoni hakuna kitu. Mkate wenyewe uligawiwa kwa kadi kuanzia 1946 hadi 1948. Chuma nacho kiligawiwa, na serikali ilikipeleka zaidi kwa viwanda vinavyouza nje na kuleta fedha za kigeni. Kampuni ya Rover kabla ya vita ilikuwa inatengeneza saluni za watu wenye uwezo, na watu hao sasa walikuwa wachache. Mhandisi wake mkuu, Maurice Wilks, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, huko Wales, na shambani alitumia Jeep kuukuu ya jeshi la Marekani. Akawaza na kaka yake Spencer, mkurugenzi wa kampuni: kwa nini tusitengeneze gari la mkulima la namna hii, tuliuze nje, mpaka mambo yatengemae? Yaani lilikuwa gari la kupitishia njaa. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948.

Hebu simameni hapo kidogo. Mwaka huo huo wa 1947, serikali hiyo hiyo ya Uingereza ilianza Mpango wa Karanga kwetu huku Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea, kwa sababu kwao mafuta ya kula yalikuwa haba. Wakakosa matrekta, wakaleta mitambo ya Shervick, ambayo ni vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta. Mpango ukafa 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Sekondari tulifundishwa habari hii kama mada ya kilimo tu, basi. Lakini ukiiweka kando ya Land Rover unaona ni ndugu wa tumbo moja: uhaba mmoja, mabaki ya vita yale yale. Mmoja alifia Kongwa, mwingine yuko chini ya mti kwa bamkubwa. (Nikipata field ya kufundisha kidato cha tatu, hii naiingiza kwenye andalio la somo, mkaguzi aje aniulize.)

Uhaba ule ndio unaolifanya gari hili litengenezeke nyumbani. Chuma hakuna? Bodi wakatumia alumini, ambayo ilibaki nyingi baada ya kazi ya ndege za vita. Mashine kubwa za kufinyanga bodi ni ghali? Wakachora bodi bapa, pembe zilizonyooka, bati la kukunjwa kirahisi. Chasisi wakaiunda kwa vipande vya bamba la chuma vilivyochomelewa pamoja kuwa boksi. Matokeo yake hadi leo fundi wa mtaani mwenye mashine ya kuchomelea na nyundo anaweza kuirudia kazi ya kiwanda. Sisi tulikuta bodi nzima haina kutu, chasisi ndiyo imeoza kwa ndani, karibu na springi za nyuma. Boksi la chuma likishaingiwa na tope na maji halina pa kukaukia. Tukakata sehemu mbili, tukaunda boksi jipya kwa bamba la milimita tatu, tukachomelea. Siku nne.

Fundi wetu ni mzee wa miaka sabini na kitu, kajifunzia kazi enzi ambazo vipuri vilikuwa havipatikani nchini kwa kukosa fedha za kigeni. Mimi ananiita ticha. "Shikamoo fundi." "Marahaba ticha, lete nusu inchi." Na kweli ni inchi: spana za milimita ulizozoea kwenye Toyota hapa hazishiki vizuri, zinaumiza nati. Nilitafuta seti ya inchi Arusha nzima kama natafuta mchumba, na sehemu ya bumu langu imeishia pale. Sijutii.

Kazi iliyotutesa kuliko zote ni springi. 109 haina koili. Kila kona ina pakiti ya springi za majani, vyuma vilivyolaliana kama kurasa za daftari, na ekseli nzima ya kipande kimoja imefungwa juu yake. Ni teknolojia ya mkokoteni wa farasi, na ndiyo maana waliowahi kukaa viti vya nyuma wanaikumbuka kwa migongo yao. Springi inashikwa kwa bolti zinazopita ndani ya bushi, na bushi ni mpira katikati ya mirija miwili ya chuma. Miaka kumi na kitu ya kusimama, bolti na mrija wa ndani vimeshikana kwa kutu vikawa kitu kimoja. Nyundo haisaidii, maana mpira unameza kishindo chote. Tulikata bolti kwa msumeno wa chuma pande zote mbili za bushi, bolti moja nusu saa, kisha mrija wa nje uliobaki ndani ya chasisi tukauchana kwa msumeno taratibu mpaka ukalegea. Mara nane hivyo. Mikono yangu siku hizo ilikuwa haifai hata kushika kalamu.

Majani yenyewe tukayafungua moja moja, tukasugua kwa brashi ya waya, tukapaka grisi, tukayafunga tena. Hapo nikajifunza mambo mawili. Kwanza, springi ya upande wa dereva imepinda zaidi kuliko ya abiria, kwa sababu ndiyo inayobeba uzito hata gari likiwa tupu. Ukibadilisha pande, gari linakaa kama limekunywa. Pili, bolti za bushi hazikazwi gari likiwa juu ya mawe. Unazifunga kwa kidole, unalishusha chini kwa magurudumu yake, unalitikisa likae, ndipo unakaza. Ukikaza lingali juu, mpira unabaki umesokotwa muda wote na unachanika mapema. Fundi hakueleza kwa maneno mengi, alisema tu "liache lipumue kwanza."

Rover wenyewe walijua tatizo la springi hizi. Range Rover ya 1970 walishaipa koili, na injini ikisukuma magurudumu yote manne muda wote. Gari la mkulima likasubiri mpaka 1983, One Ten ilipotoka na koili zake. Jina la Defender lilikuja 1990, na la mwisho la ukoo huo lilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Hesabu yao ilikuwa imepita milioni mbili, kwa gari la kupitishia njaa!

109 yetu kwa kawaida inasukuma kwa magurudumu ya nyuma. Ukifika kwenye tope, unabonyeza kitufe cha njano sakafuni, ya mbele yanaingia kazini. Ukitaka nguvu ya kupanda mlima, unavuta mkono mwekundu, gia zote zinakuwa nzito na magurudumu manne yanasukuma yenyewe. Ila ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja, hakuna difu katikati ya kuzipatanisha. Kwenye tope haina shida, tairi linateleza kidogo mambo yanaisha. Kwenye lami kavu ukikata kona vyuma vinabishana, na siku moja kimoja kinavunjika. Tulifungua giaboksi ya pili tukakuta gia nzima kabisa. Tukabadilisha sili na oili tu, tukasonga.

Tatizo likawa injini. Ni dizeli ya lita 2.25, nguvu ya farasi sitini na kidogo. Pistoni zilijamu. Tukamimina mchanganyiko wa dizeli na oili kwenye silinda, tukasubiri siku tano, tukaingiza spana ndefu kwenye nati ya puli ya mbele, tukaisukuma watu wawili. Ikasogea! Bamkubwa alipiga makofi peke yake pale uani. Lakini tulipoishusha na kuifungua, krenki ilikuwa na mikwaruzo mibaya. Injini hizi za kabla ya 1980 zinaishika krenki kwa beringi kuu tatu tu. Kuanzia 1980 wakaweka tano, na si kwa bahati mbaya. Dizeli inakandamiza hewa mara 23, beringi tatu zinateseka. Krenki ikapelekwa Arusha kuchongwa.

Wakati tunasubiri ndipo ugomvi ukaanza. Binamu alitaka tuweke injini ya Nissan TD27, tuachane na hili dude. Bamkubwa akawaka. Kwake gari lenye injini ya Kijapani si Land Rover tena, ni maiti iliyovalishwa nguo. Wakanigeukia mimi: wewe ndiye unasoma historia, sema.

Nilitarajiwa kusimama na bamkubwa, na moyo wangu ulikuwa huko. Lakini nikawaambia nilichokijua. Land Rover ya kwanza kabisa, ile ya majaribio ya 1947, ilijengwa juu ya chasisi ya Jeep ya Marekani, ikatiwa injini na giaboksi za saluni ya Rover, usukani ukawekwa katikati kama trekta. Hakuna kilichokuwa "chake". Baba wa magari haya yote alikuwa gari la kuungaunga, lililotengenezwa na watu waliotumia kilichopo. Kwa hiyo anayesema ukiichanganya umeua historia, anatetea usafi ambao haukuwepo. Na upande wa pili nikasema pia: injini ikibadilishwa kuna kitu kinapotea kweli, ule mlio ambao akina mama wa kijijini waliusikia usiku wakajua gari linakuja. Huo haununuliwi dukani.

Bamkubwa hakujibu. Alikwenda kuangalia ng'ombe.

Jumatano simu ikaja kutoka Arusha. Krenki ina ufa, haichongeki. Mpya haikupatikana, na kuukuu iliyokuwepo ilikuwa imeshachongwa hadi mwisho. Jioni bamkubwa alikaa muda mrefu, kisha akamuuliza fundi swali moja tu: hiyo Nissan ina kompyuta? Haina, fundi akamwambia, pampu ni ya kawaida, inafunguliwa kwa spana. "Basi wekeni. Ile ya zamani asiiguse mtu wa skrepa." Sasa iko stoo, imefunikwa kwa turubai, na yeye ndiye mwenye ufunguo.

Binamu alipoona mambo yamekubalika akataka makubwa zaidi, 1HZ ya Land Cruiser, lita 4.2. Fundi akakataa, na hapa namuunga mkono asilimia mia. Shafti za ekseli ya nyuma za gari hizi zilikuwa zinakatika hata kwa injini yake ndogo. Ukiitia nguvu ya 1HZ, utakatikia njiani mlima wa kwanza tu na mgonjwa wako ndani. Kwa hiyo ni TD27. Bamba la kuiunganisha na giaboksi linachongwa wiki hii, rejeta imeshazibuliwa, na binamu amebaki nyumbani anafunga breki. Mimi nimerudi chuo na mafuta bado yako kwenye kucha.