Mgeni Mwenye Jembe: Subukia Kabla ya Kuwa Kijiji

Wageni wanaijua Subukia kwa mambo mawili. La kwanza ni hija: kila Oktoba Wakatoliki kutoka pembe zote za Kenya hupanda hadi kituo cha hija cha Mama Maria, wakateka maji ya chemchemi na kuyabeba nyumbani kwa chupa na mitungi. La pili ni tetemeko la 6 Januari 1928, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa nchini, lililopasua ardhi kwa kilomita zipatazo 38 chini ya ukingo wa Marmanet. Wanasayansi wameandika mengi juu ya ufa ule. Waliokuwa wakilima udongo uliopasuka hawakuandikwa sana, na habari zao ndizo zinazoeleza kwa nini kijiji cha Subukia kiko jinsi kilivyo leo.

Ukishuka bondeni kwa barabara ya kutoka Nakuru kwenda Nyahururu, unaona mashamba madogo ya mahindi na viazi, ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, nyumba za mabati, kanisa, shule, poshomili. Mtu anaweza kudhani pamekuwa hivi tangu enzi za mababu. Lakini kijiji hiki, kwa maana ya watu kuishi kwenye ardhi wanayoiita yao, kina takriban miaka hamsini tu. Kabla ya hapo palikuwa na watu wengi, kazi nyingi, na hakuna kijiji.

Kwanza waliondolewa Wamaasai. Mkataba wa 1904 uliwatoa katika Bonde la Ufa la kati, wengine wakapelekwa Laikipia. Mwaka 1911 wakahamishwa tena kutoka Laikipia kwenda kusini, ingawa walikuwa wameahidiwa kwamba watakaa huko daima. Walipokwenda mahakamani, kesi yao ilitupwa 1913 bila dai lenyewe kusikilizwa. Malisho yao yakawa sehemu ya Nyanda za Juu za Wazungu, na masetla wakagawiwa mashamba ambayo mmoja peke yake hangeweza kuyalima hata kwa maisha matatu.

Basi walihitaji mikono. Wakikuyu kutoka Kiambu, Murang'a na Nyeri, wengi wao wakiwa wamebanwa na uhaba wa ardhi kwao, walikuja na mbuzi wao na wake zao. Makubaliano yalionekana mepesi: fanya kazi kwa setla, upewe mahali pa kujenga, pa kulima na pa kulisha mifugo. Hawa ndio walioitwa maskwota. Sheria ya 1918 ikaweka bei ya ukaaji huo: siku zisizopungua 180 za kazi kwa mwaka. Ikafuata kipande, kile cheti kilichoning'inizwa shingoni ndani ya kikopo cha chuma, ambacho bila sahihi ya mwajiri mtu hakuweza kuondoka kihalali.

Kuna methali kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, yaani akishika jembe amekuwa mwenyeji. Subukia iliigeuza methali hiyo. Mgeni alipewa jembe siku ya kwanza, akalishika miaka arobaini, na bado akahesabiwa mgeni.

Inafaa kulinganisha na Java, kisiwa cha Indonesia. Huko Waholanzi, kuanzia 1830, walikiacha kijiji mahali pake na kukilazimisha kutenga sehemu ya tano ya ardhi yake kwa mazao ya serikali kama miwa na kahawa. Mateso yalikuwa makubwa, lakini mkulima aliteswa akiwa kwao, chini ya mkuu wa kijiji chake, karibu na makaburi ya wazee wake. Katika nchi ya masetla kijiji kilifutwa na nguvu-kazi ikabaki. Skwota alijenga kwa miti na udongo, akaezeka nyasi, lakini hakupanda mti wa kudumu kwa kuwa hakujua msimu ujao atakuwa wapi. Wanawake walichuma kahawa na pareto, watoto wakifuata nyuma. Hata maiti ilizikwa katika ardhi ya bwana.

Jambo lililowapa maskwota nguvu ni mifugo. Mbuzi na ng'ombe ndio waliokuwa benki, mahari na bima yao. Ndiyo maana masetla waliiogopa: mtu mwenye mbuzi mia moja hana haraka ya kuomba mshahara. Katika miaka ya 1920 wanyama wa maskwota walitolewa mashambani kwa nguvu, wakauzwa kwa bei ya kutupa au wakachinjwa. Watu wenyewe waliliita tukio hilo kifagio, kwa sababu lilifagia kila kitu. Sheria ya 1937, iliyoanza kutumika 1940, ikayapa mabaraza ya masetla uwezo wa kuongeza siku za kazi hadi 270 na kupunguza zaidi mifugo na ekari. Kufikia 1945 maskwota na familia zao katika nchi ya masetla walizidi 200,000. Walikuwa wamelisha taifa zima wakati wa vita, na zawadi yao ikawa kunyang'anywa ng'ombe wa mwisho.

Hapo ndipo kiapo kilipopata wasikilizaji. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, maelfu ya Wakikuyu wa Bonde la Ufa walipakiwa kwenye malori na treni, wakarudishwa "kwao". Lakini kwao wapi? Kijana aliyezaliwa kwenye shamba la setla alipelekwa Kiambu au Nyeri, mahali alipopasikia kwenye masimulizi tu. Hakuwa na shamba huko pia.

Uhuru ulipokaribia, wengi waliamini ardhi itarudi bure. Agosti 1963 Kenyatta alikutana na masetla mjini Nakuru akawasihi wabaki wakalime. Mashamba yakauzwa kwa anayetaka kununua kutoka kwa anayetaka kuuza. Skwota aliyefyeka msitu akaambiwa alipie kile alichofyeka.

Wakalipa. Miaka ya 1970 zikaibuka kampuni za kununua mashamba, kubwa miongoni mwake Ngwataniro, jina linalomaanisha kushikana, iliyoongozwa na mbunge Kihika Kimani. Watu waliuza mbuzi na viazi, wakakopa kwa shemeji, wakanunua hisa. Kisha ikaja siku ya kuokota karatasi yenye namba: namba yako ndiyo ploti yako, iwe bondeni penye rutuba au kwenye mawe. Majirani waliofahamiana tangu kambi za wafanyakazi wakatawanyika, na watu wasiojuana wakawa majirani. Hivyo ndivyo kijiji kilivyozaliwa, kwa bahati nasibu.

Wengine walibaki na cheti cha hisa miaka nenda miaka rudi bila hati miliki, hadi katikati ya miaka ya 1980 Rais Moi alipoamuru kampuni hizo zivunjwe na hati zitolewe. Barabara zilibaki tope, zahanati mbali, maji ya kubebwa mgongoni. Lakini mtu alipanda parachichi na gravilea, kwa kuwa sasa alijua angekuwepo siku ya kuvuna.

Mashamba makubwa nayo hayakuisha. Usiku wa 9 Mei 2018, upande wa pili wa vilima hivi, huko Solai, bwawa la shamba kubwa la mtu binafsi lilipasuka na kuua watu wasiopungua 47. Miongoni mwa vijiji vilivyosombwa ni Nyakinyua. Jina hilo ni la akina mama wazee wa Kikuyu, na lilikuwa pia jina la kampuni mojawapo ya kununua mashamba. Historia nzima iko kwenye mteremko ule: maji ya mwenye mengi yakiwa juu, ploti za wenye machache zikiwa chini.

Na neno mgeni bado halijafa. Mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa 2007, wanasiasa wa Bonde la Ufa waliwaita walionunua mashamba "madoadoa", na katika sehemu nyingi watu walikimbia wakiwa na hati miliki ndani ya mifuko ya nailoni. Ndani ya familia nako ploti inakatwakatwa: ekari mbili za babu zinagawanywa kwa wana wanne, kisha wajukuu, na sasa mabinti pia wanadai haki yao kwa mujibu wa katiba ya 2010. Kijana asiye na robo ekari anakodi, analima kwa ruhusa ya mwenye shamba, kama babu yake.

Tofauti moja imebaki. Nyuma ya nyumba nyingi za Subukia, karibu na migomba, kuna makaburi mawili au matatu yenye saruji. Ni ya watu waliozaliwa kwenye ardhi ya bwana na wakazikwa kwenye yao. Kaburi haligawanywi, wala halikodishwi.